Bastola Tatu na Jua la Saa Sita

Kazi yangu pale kiwanjani ilikuwa kubandika karatasi. Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye kiwanja cha shabaha huniuliza nimepiga risasi ngapi maishani, na mimi huwaambia nimeziba matundu mangapi, basi mazungumzo yanaishia hapo. Zilikuwa fremu nane za mti, kila moja na karatasi yake yenye duara ndani ya duara. Mpigaji akimaliza, natembea mita ishirini na tano hadi kwenye tuta la udongo mwekundu, nasoma matundu, naziba kila tundu kwa kipande cha gazeti na gundi ya unga wa muhogo, kisha narudi. Halafu naanza tena. Siku ya mazoezi makubwa, ikifika alasiri, miguu ilikuwa ikiniambia nimekwenda Wete na kurudi.

Nilikuwa nimerudi Pemba baada ya miaka mingi ya kuzurura. Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia kikosini, nikafundishwa bastola nikaiweza, kisha nikaacha kazi kwa sababu ambayo mpaka leo siwezi kumweleza mtu aliyeishi mahali pamoja akanielewa. Nililinda maghala ya korosho Mtwara. Niliuza vipuri vya baiskeli Tanga. Nilikaa Mombasa miaka miwili nikiwa na hamu ya Pemba, na nilipofika Pemba, wiki ya tatu tu, nikawa na hamu ya Mombasa. Kikosi changu cha zamani kikanipa mkataba wa kutunza kiwanja. Sikuwa askari tena. Nilikuwa nimevuka arubaini, macho yameanza kuchoka kwa vitu vya karibu, na kila Ijumaa nilijiambia nitaondoka mwisho wa mwezi.

Kiwanja kilikuwa upande wa njia ya Pujini, katikati ya mashamba ya mikarafuu. Kabla ya kupiga, napandisha bendera nyekundu na kupuliza filimbi, halafu tunasubiri wanawake wenye kuni wamalize kukatiza kwa nyuma. Alikuwapo bibi mmoja ambaye filimbi kwake ilikuwa kama ishara ya kupunguza mwendo.

"Bi mkubwa, tunakungoja," nikimwambia.

"Ngojeni," anasema. "Risasi zenu hazina safari. Mie n'nayo."

Tulikuwa na bastola tatu za shabaha, za risasi ndogo. Hazikuwa za kazi. Zilikuwa za mashindano ya vikosi tu, yanayofanyika Unguja kila mwaka, na zilikaa ghalani chini ya mzee mmoja aliyekuwa mtunza silaha tangu mimi sijaota ndevu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuishika bastola. Alikuwa akiweka sarafu juu ya mtutu na kuniambia nifyatue bila risasi, na sarafu ikianguka nianze upya. Nilianza upya siku nyingi sana. Sasa alibakiwa na mwaka mmoja astaafu, na alikuwa akitembea taratibu, funguo zikining'inia kiunoni, akiilaani kutu. "Kutu ya Pemba hailali," ndilo neno lake. Ukiacha chuma wiki moja wakati wa masika bila kukipangusa, utakikuta kimevaa vazi jingine.

Ile bastola ya tatu ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, na alikuwa akiitumia koplo mmoja mwanamke, mwenyeji wa Chokocho, mwembamba wa mikono, mkali wa maneno. Miaka mitatu mfululizo yeye ndiye aliyeongoza timu yetu. Wenziwe walikuwa wakimtania kuwa bastola yake inanuka karafuu kama bibi harusi, na kweli ilinuka. Ukifungua sanduku lake harufu inakutangulia. "Ninukieni tu," anawajibu. "Nyie zenu zanuka jasho la kwapa, na bado hampati kumi."

Mwaka uliofuata alikwenda Unguja akapiga vibaya. Si vibaya kidogo. Risasi zake zilitambaa kushoto kidogo kidogo, na alivyozidi kupiga ndivyo zilivyozidi kutambaa, mpaka mbili zikatoka nje ya duara zote. Timu ikawa ya mwisho. Aliporudi alisema neno moja, akalirudia kwa kila aliyemuuliza: mkono wake haukwenda kushoto, iliyokwenda kushoto ni bastola.

Hakuna aliyemsadiki. Hata mimi. Nimeona wapigaji wengi, na mpigaji aliyekosa huwa na mambo matano ya kulaumu kabla hajafika kwake mwenyewe. Sajini mmoja alikuwa akimpitia pale kiwanjani na kumwambia, "Koplo, leo upepo wa nani?" Mwanzo alikuwa akimjibu. Baadaye akanyamaza, na hilo ndilo lililonifanya nimtazame vizuri.

Mkuu wetu alikuwa kijana aliyehamishiwa kutoka Unguja, mtu wa mafaili. Alimwita koplo, akamwita mzee wa ghala, akaniita na mimi. "Sitaki maneno, nataka karatasi," alisema. Bastola tatu zilinganishwe. Atakayepiga niwe mimi, kwa kuwa simo kwenye timu wala simo kwenye kikosi. Ikionekana ile ya tatu ni mbovu, koplo abaki. Ikionekana ni nzima, jina lake litoke kwenye timu, arudi zamu za geti, na nafasi yake apewe mwengine. Karatasi aipate Jumatano kabla ya alasiri, na orodha ya majina itapelekwa Unguja Ijumaa.

Tulipotoka nje koplo aliniambia kwa sauti ndogo, "Kaka, mie geti silikatai. Geti ni kazi. Ila nataka kujua. Kama mkono wangu umekufa, nambieni umekufa, nikauzike. Lakini msinizike na mkono mzima."

Jumatano nilifika saa moja asubuhi. Nyasi zilikuwa na umande na karatasi zilikuwa zimelegea kwa unyevu, ikabidi nizibandike mara mbili. Mzee alikuja na masanduku matatu juu ya toroli. Bastola huwezi kuilinganisha kwa mkono mtupu, maana mkono una siku zake. Unakaa, unaegemeza mikono juu ya mifuko ya mchanga, unapumua, unapiga kumi, na huangalii kama zimekwenda katikati. Unaangalia kama zimekwenda pamoja. Bastola inayopiga mahali pamoja kila mara, hata kama ni pembeni, ni bastola ya kuaminika. Utasogeza kilengeo chake na mambo yataisha. Ile inayotawanya haina dawa.

Nilipiga chini ya banda letu la makuti, kivulini, kama tulivyozoea. Kumi za bastola ya kwanza zilienea ukubwa wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Za pili zilienea zaidi, ukubwa wa kisahani. Za tatu nilitembea kwenda kuziangalia nikadhani nyengine zimepotea, mpaka nilipoinama karibu. Zote kumi zilikuwa pale, moja juu ya nyengine. Nilitoa kizibo cha soda mfukoni nikakiweka juu ya kundi lile. Kililifunika.

"Si nilisema?" mzee aliniambia, akitabasamu kwa meno yake machache. "Hii ni mwanangu. Hizi nyengine nazitunza kwa amri. Hii naitunza kwa mapenzi."

Koplo alikuwa amesimama kwenye nguzo ya banda. Nilikaa mezani nikaanza kuandika: bastola ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa na usingizi, jua limeanza kupanda, na nilitaka kumaliza niende nikanywe chai. Nasema hili kwa sababu ni kweli. Mtu aliyezunguka sana huwa na hamu ya kumaliza mambo, hata yasiyokuwa yake.

Akaja akasimama mbele ya meza. "Umepiga ngapi?"

"Kumi kila moja."

"Saa ngapi?"

"Si umeona? Saa moja na nusu."

"Kule Unguja nilipiga sitini," akasema. "Saa sita. Na kule hawana banda, kaka. Meza iko juani, bastola iko juu ya meza. Zamu yangu ilipofika niliishika nikaiachia, ilikuwa ya moto kama kikaango."

"Moto wa jua haupindi chuma," mzee alisema.

"Mie sijui unapinda nini, Babu. Nasema ilivyokuwa."

"Mwanangu, mitutu naijua mie. Tangu mamako hajaposwa."

"Basi ijue na leo. Itoke juani." Akanigeukia. "Au umechoka?"

Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia tunaweza kufanya kesho. Akaniambia kesho karatasi itakuwa iko kwa mkuu na yeye atakuwa getini, na kesho ya geti haina mwisho. Hakuinua sauti. Nilitazama ile karatasi niliyoiandika, mistari mitatu mizuri, kisha nikaikunja nikaitia mfukoni. Tukabeba meza, mimi mbele na yeye nyuma, tukaitoa bandani tukaiweka penye jua tupu. Mzee akazipanga bastola tatu juu yake kama mtu anayepanga sahani kwa mgeni asiyempenda.

Tulikaa kivulini tukingoja. Wale wanawake wa kuni walipita wakirudi, na yule bibi akauliza tunauza nini pale mezani. Nilimwambia hatuuzi. Akasema, "Afadhali, maana hakuna atakayenunua." Mzee alicheka. Koplo hakucheka. Alikuwa ameufumba mkono wake wa kulia ndani ya ule wa kushoto, akiukandakanda, kama mtu anayemshika mgonjwa.

Ilipofika saa sita nilianza. Sikubadilisha kitu: mifuko ileile, risasi zilezile, pumzi ileile kadiri nilivyoweza, jasho likiingia machoni. Safari hii nilipiga thelathini kwa kila bastola, na kila baada ya kumi nilitembea kwenda kubadilisha karatasi. Ya kwanza, kikombe cha kahawa, kikombe, kikombe. Ya pili, kisahani mara tatu. Nikaichukua ya tatu.

Kumi za mwanzo zilikuwa chini ya kizibo. Nilimwona mzee akinitazama kutoka kivulini nikamwonyesha kidole gumba. Kumi za pili kundi lilikuwa limerefuka kama yai na limesogea kushoto kwa vidole viwili. Sikuonyesha chochote. Nilirudi, nikakaa, nikaegemea, nikahakikisha mara mbili kwamba si mimi, nikapiga kumi za mwisho. Nilipofika kwenye karatasi nilipima kwa mkono. Kundi lilikuwa mbali na katikati kwa kiganja kizima, kushoto, na risasi mbili zilikuwa nje kabisa ya duara.

Nikairudisha bastola mezani, nikaifungua, nikaipekua kipande kwa kipande. Mtutu mzima, kifyatulio kizima. Kilengeo cha nyuma, ile bati ndogo yenye mwanya unaotazamia, kimekaa juu ya kiti chake kidogo cha plastiki nyeusi, na kiti hicho ndicho kinachokishika kisiende kushoto wala kulia. Niliusukuma ukucha wangu pale. Ukazama. Plastiki ile ilikuwa laini kama nta. Kila bastola iliporuka mkononi, bati ilikuwa ikijisogeza chini ya unywele mmoja, na nywele chache kwenye kilengeo ni kiganja kwenye karatasi. Asubuhi kwenye ubaridi plastiki ilikuwa imeganda na kushika. Juani ilikuwa ikiachia.

Ile harufu ya karafuu, kwa joto lile, ilikuwa nzito hata ikanipanda kichwani.

"Mzee," nikamwita. "Hii unaipaka nini?"

Alikuja taratibu. "Mafuta."

"Ya kopo?"

"Hayo ya kopo napaka hizi mbili. Hii…" Akashika funguo zake. "Hii naipaka ya makonyo."

Kila mtu Pemba anayajua mafuta ya makonyo, yanayokamuliwa kutoka vikonyo vya karafuu. Shemeji yake alikuwa akimpatia kichupa kila baada ya miezi michache. Yalikuwa ya kumtuliza jino, ya kumchua goti, na yaliyobaki, kwa kuwa ni machache na ni ya thamani, alikuwa akiipaka bastola ya koplo na si nyengine. Aliona kutu haisogei hapo. Kila jioni ya mwaka mzima, kitambaa laini, tone moja moja, mpaka kwenye pembe ambazo kitambaa hakifiki.

Koplo aliuliza, polepole sana, "Babu, hayo mafuta unayaweka kwenye chupa gani?"

"Ya kioo."

"Kwa nini kioo?"

Hakuna mtu wa kwetu asiyejua. Ukiyatia mafuta ya makonyo kwenye chupa ya plastiki, yanaila. Ukiacha kichana karibu yake, kichana kinanata mezani. Tumelijua hilo tangu utotoni, tumepigwa kwa ajili yake. Mzee mwenyewe alikuwa akiwagombeza wajukuu zake kwa hilo. Lakini alipoishika bastola alikuwa ameshika chuma. Kichwani mwake bastola ilikuwa chuma tupu, kama zile za zamani alizoanza nazo, na kile kiti cheusi kidogo kilikuwa kikipita chini ya kitambaa chake bila kuonekana.

Akakaa kwenye benchi, funguo zikagonga mbao. Nilitegemea koplo aruke, apige vigelegele, amwite yule sajini. Alipata alichokitaka. Lakini alikaa naye kwenye benchi, kwa mbali kidogo, na wote wawili wakawa wanaitazama meza juani.

"Hukujua, Babu," akasema mwisho.

"Nilijua," mzee alijibu. "Mafuta nilikuwa nayajua. Bastola ndo sikuwa naijua."

Nilitoa ile karatasi ya asubuhi mfukoni. Ilikuwa imelowa jasho. Nilimwambia mzee kwamba naweza kuandika kilengeo kimechakaa, basi, vitu vinachakaa, nani atauliza. Nilisema kwa kunong'ona ingawa tulikuwa watatu tu. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama sarafu ikianguka.

"Ukiandika kimechakaa, watasema kimechakaa jana," akasema. "Watasema mwaka jana kilikuwa kizima, na yule alokosa ni huyu. Andika mafuta. Andika yalivyopakwa na nani kapaka."

Niliandika hivyo. Mstari ule ulinichukua muda mrefu kuliko kazi yote ya asubuhi.

Mkuu alisoma mara mbili. "Nani alipaka?" akauliza, ingawa ilikuwa imeandikwa mbele yake.

"Mie, afande," mzee alisema, amesimama wima kama kuruta.

"Kwa amri ya nani?"

"Ya mtu hakuna. Nilikuwa naipenda."

Mkuu hakuwa na safu ya jibu kama hilo kwenye faili lake. Aliandika kwa muda. Mzee akapewa onyo la maandishi, la kwanza katika utumishi wake wote, na akaambiwa ghalani yasiingie tena mafuta ya nyumbani. Bastola ya tatu ikatolewa kwenye mashindano. Kiti kipya cha kilengeo hakikupatikana Pemba wala Unguja. Na Ijumaa orodha ilibandikwa ukutani, jina la koplo likiwamo, la mwisho, kwa mwandiko uliobanwa chini kwa kuwa nafasi ilikuwa imekwisha. Yule sajini aliisoma, akakohoa, akasema, "Haya, mabruki, hongera," akapita zake.

Alipewa bastola ya pili, ile ya kisahani, iliyo mbaya kuliko zote. Wiki zilizofuata alikuja kila siku saa sita. Hakutaka banda. Meza tuliitoa juani, naye akawa anapiga akiwa amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, mimi nikitembea kwenda na kurudi kama ng'ombe wa kinu. Magoti yangu yalikuwa yakiuma, na moyoni nilikuwa nimeshaanza kuhesabu meli za Tanga. Nilikuwa nikimsomea matundu kwa sauti kutoka kule kwenye tuta: tisa juu, nane kulia, tisa, kumi. Kila ilipotoka vibaya alikuwa akisimama, anakunja uso, anapima: hii ni bastola inayotawanya, au ni mimi? Nilijua anapima, kwa sababu alikuwa akichelewa kuuliza risasi inayofuata.

Siku moja risasi moja ilikwenda mbali sana, chini, karibu na ukingo wa karatasi. Hata kisahani hakiwezi kutawanya mpaka pale. Nilisita kuitaja. Nilifikiria kusema saba, tumalize, nirudi kivulini.

"Hii ya nne iko chini kabisa," nikapaza sauti. "Nje."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kifupi cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu aliporudi Unguja.

"Hiyo yangu," akasema. "Nimeuvuta mkono. Hiyo yangu mwenyewe, kaka, iandike. Haya, nisomee ya tano."